Nyuki Wale Nini Januari? Maswali Yenu Kuhusu Vichaka vya Maua ya Kiangazi

Barua nyingi za msimu huu zina malalamiko yanayofanana: mvua zikikatika bustani inabaki majani matupu, nyuki na vipepeo wanahama, na mazao yanayowategemea yanapukutisha maua. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Huwa nina maua tele Aprili na Mei. Ikifika Januari hakuna kitu, na maboga na matango yangu yanatoa vitunda vidogo vinavyogeuka njano na kudondoka. Jirani anasema ni kwa sababu nyuki hawaji. Nipande vichaka gani, na nianze lini? — Msomaji, Tengeru, Arusha

Jirani yako huenda yuko sahihi. Ua jike la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na katika saa hizo chache linahitaji kutembelewa na nyuki mara kadhaa ili lipate chavua ya kutosha. Likikosa, kile kitunda kilicho chini yake hunyauka siku chache baadaye. Nyuki nao hawaji bustanini kwa ajili ya maua matano ya boga. Wanafuata mahali penye chakula kingi, na wakishafika ndipo wanapopitia na maboga yako.

Kwa maeneo yenu ya mwinuko, anza na mtukutu (Vernonia amygdalina). Ni mti wa kwetu, majani yake machungu, na ndio uleule ambao sokwe wa Mahale wameonekana wakitafuna shina lake wanapougua minyoo. Mvua zikishakatika hutoa mashada makubwa ya maua madogo meupe yenye harufu, na nyuki hulijaza kila shada. Ukiuacha utapita mita nne, kwa hiyo uweke kona ya nyuma na uupogoe kila mwaka. Mbele yake weka kivumbasi cha kichaka (Ocimum gratissimum), kile ambacho watu huweka nyumbani kufukuzia mbu. Maua yake hayana sura ya kuvutia, lakini ni mimea michache inayokishinda kwa kuita nyuki, hata wale nyuki wadogo wasiouma. Kwa vipepeo, chagua Pentas lanceolata, ambayo asili yake ni Afrika Mashariki ingawa vitalu vingi huiuza kama ua la kigeni. Kwa ndege chozi, panda Leonotis yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyozunguka shina kwa ngazi.

Mtukutu na Leonotis vipande masika yanapoanza, mwezi Machi, ili mizizi ipate miezi mitatu ya mvua kushuka chini. Kivumbasi na Pentas huchanua mapema zaidi, hivyo hata vikipandwa mwanzo wa vuli vinaweza kukupa maua kiangazi hichohicho.

Chimba shimo la sentimita 45 kila upande na 45 kwenda chini, udongo wa juu ukiuweka kando na wa chini kando. Changanya udongo wa juu na nusu debe ya samadi iliyooza kabisa, ile isiyo na joto wala harufu, urudishie shimoni. Udongo wa chini utumie kujenga kingo za beseni lenye upana wa sentimita 60 kuzunguka mche. Usizidishe samadi. Tunapokea picha za vichaka vyenye majani mapana ya kijani kizito na hakuna hata ua moja, na mara nyingi mwenyewe amekuwa akiongeza samadi kila mwezi. Naitrojeni nyingi hujenga majani, na mmea uliojaa majani hauna haraka ya kuchanua.

Sasa maji, ambapo ndipo wengi wanapokosea. Kumwagia kidogo kila jioni hulowanisha sentimita chache tu za juu, mizizi inabaki hukohuko juu, na jua la Februari linaikausha. Mpe kila mche lita 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, mara moja kwa wiki, au mara mbili kwa wiki kama udongo ni mwepesi wa kichanga. Jambo ambalo halionekani kwa macho ni kwamba kichaka chenye kiu kinaweza kuwa na maua na bado kikakosa mbochi, yaani yale maji matamu ya ua. Nyuki atatua, ataingiza mdomo, ataondoka, na kesho hatarudi. Ukiona nyuki wanagusa ua na kuruka papo hapo bila kutulia, mwagilia kwanza kabla hujafikiria kubadilisha mmea.

Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, lakini ziache umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, maana mchwa hupenda kujificha hapo. Acha pia sehemu ya ardhi wazi, kavu, isiyolimwa. Aina nyingi za nyuki wa porini haziishi mzingani: kila jike huchimba tundu lake ardhini, na ukitandaza kila mahali unakuwa umemfungia mlango.

Nina ua wa duranta wa mita 20 mbele ya nyumba. Kwa rafiki yangu duranta ina maua ya zambarau na vipepeo kila saa. Wangu una miaka sita na sijawahi kuona ua. Je, ni dume? — Msomaji, Limuru, Kenya

Hapana, duranta haina mti dume na mti jike. Tatizo ni mkasi. Duranta huchanua kwenye ncha za matawi machanga, na tawi linahitaji majuma kadhaa ya kurefuka kabla halijafunga vichipukizi vya maua. Ua unaokatwa kila baada ya wiki mbili ili usimame kama ukuta hukatwa ncha zake zote kabla hazijafika huko.

Huhitaji kuuacha wote uwe msitu. Endelea kunyoosha upande wa barabarani, na upande wa ndani uache urefuke kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Au gawanya ule urefu wa mita 20: kata nusu ya kwanza kwa theluthi moja mwanzoni mwa Novemba, na nusu ya pili wiki tatu baadaye. Maua yatafuatana, nusu moja ikiisha nyingine inaanza. Mbinu hii ya kupogoa kwa zamu inafaa kwa vichaka vyote vinavyochanua kwenye matawi mapya, kama plumbago, Tecomaria na mkomamanga. Usipogoe vyote siku moja, vinginevyo utapata wiki tatu za sherehe na miezi miwili ya njaa.

Tahadhari moja: tunda la njano la duranta ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa, na ndege hulibeba na kulisambaza. Kama una watoto wadogo, kata vishada maua yakishakauka, kabla matunda hayajaiva.

Naishi karibu na bahari, udongo ni mchanga juu ya jiwe la matumbawe, na upepo wa kaskazi unaunguza kila nikipandacho. Niliwahi kununua waridi tatu, zote zimekufa. Kuna kichaka kinachoweza kuishi hapa na kikaleta nyuki? — Msomaji, Makunduchi, Unguja

Bibi zetu walikuwa nacho uani: mhina. Huko kwenu kila mtu anaujua kwa majani yake, lakini ni wachache wanaouacha uchanue. Ua lake ni dogo, petali nne zilizokunjamana kama karatasi iliyofinywa, stameni (vijiti vyenye chavua) nane zimesimama mbilimbili kwenye pembe, na harufu yake hutambaa ua mzima usiku. Nyuki huja asubuhi kwa ajili ya chavua.

Chukua vipandikizi vya tawi la mwaka jana, lenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya fundo, ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na zika theluthi mbili ya urefu. Vitunze kivulini na udongo uwe na unyevunyevu hadi vichipue. Ukitaka kutumia mbegu, loweka siku mbili hadi tatu ukibadilisha maji kila siku, kisha zinyunyize juu ya mchanga laini bila kuzizika, maana ni ndogo sana.

Kwenye jiwe, vunja shimo la sentimita 60, na hakikisha maji yanapita. Mimina ndoo moja ya maji: kama baada ya muda wa saa nne bado yamesimama, sogea mahali pengine, kwa sababu mhina huvumilia kiu lakini haupendi kukaa na miguu majini. Jaza mchanga huohuo pamoja na mboji kiasi sawa. Ukishashika, baada ya mwaka mmoja, hautakusumbua.

Neno kuhusu mavuno: anayechuma majani kila mara kwa ajili ya hina hupata maua machache, kwa sababu anachuma zile ncha zinazochanua. Panda miti minne, chuma miwili, miwili iache.

Upande wa baharini kabisa, unapopigwa na chumvi moja kwa moja, mhina peke yake utateseka. Weka kwanza mstari wa Scaevola taccada, kile kichaka cha ufukweni chenye majani manene ya kung'aa na ua jeupe linaloonekana kama limekatwa nusu. Nyuki hulitembelea, na nyuma yake mimea mingine inapata kimbilio. Waridi tuyaache.

Pesheni zangu za njano zimejaa maua lakini matunda hayafiki kumi. Nyuki wa asali ninao, nina hata mzinga. Kosa liko wapi, na vichaka vinaweza kusaidia? — Msomaji, Morogoro

Vinaweza, na hili ni swali zuri kwa sababu una nyuki na bado unakosa matunda.

Pesheni ya njano haijizai: chavua ya mmea mmoja haifanyi kazi kwenye maua ya mmea huohuo. Kama una mche mmoja, au yote umeizalisha kwa vipandikizi vya mama mmoja, hata nyuki milioni hawatakusaidia. Panda miche ya mbegu iliyotoka sehemu mbili au tatu tofauti. (Ile ya zambarau kwa kawaida hujichavusha yenyewe, ndiyo maana mwenye aina hiyo anaweza kuvuna kutoka mche mmoja.)

Jambo la pili ni umbo la ua. Vifuko vya chavua vinaning'inia juu ya mbochi kwa nafasi kubwa kuliko kimo cha nyuki wa asali. Yeye hupita chini, anakunywa, mgongo haugusi kitu. Mara nyingine hupanda juu kuchukua chavua yote na kuipeleka nyumbani, na hapo anakuwa mwizi. Anayefaa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Akiingia, mgongo wake unasugua chavua, na kwenye ua linalofuata unaipaka juu ya stigma, ile sehemu ya ua inayopokea chavua. Watu wengi humwua kwa kumwogopa, ilhali jike huuma kwa nadra sana, akishikwa, na dume hana mwiba kabisa.

Mpe vitu viwili. Makazi: magogo makavu ya mti laini, unene wa sentimita 10 hadi 15 na urefu wa mita moja, au shina kavu la ua la mkonge, ambalo analipenda mno. Lifunge likilala, mita moja na nusu kutoka chini, mahali pasiponyeshewa. Usitumie mbao iliyopakwa dawa. Na chakula cha mwaka mzima: pesheni haichanui kila mwezi, na akikosa chakula atahama. Hapa ndipo vichaka vinapoingia. Mbaazi za muda mrefu (zinazochelewa kukomaa) huchanua kuanzia Juni hivi, na marejea ya kichaka (Crotalaria) huwa na maua ya njano yaliyojengwa kwa ajili ya mdudu mzito: nyuki mdogo hawezi kulifungua, mkubwa hulibonyeza kwa uzito wake. Panda mstari wa mbaazi nafasi ya mita moja upande mmoja wa pesheni, na marejea upande mwingine. Mbegu za marejea usiwape mifugo, aina nyingine zina sumu.

Wakati unawasubiri, chavusha kwa mkono. Ua la njano hufunguka karibu na saa sita mchana. Subiri kama saa moja, hadi zile stigma tatu zijipinde kushuka chini, kwani zikiwa bado zimesimama kazi yako ni bure. Kwa kidole au brashi laini chukua chavua ya mmea A, paka stigma zote tatu za mmea B. Mvua ikinyesha ndani ya saa moja au mbili, rudia kwenye maua ya kesho, kwa sababu chavua ikilowa hupasuka.

Lantana huvuta vipepeo kuliko kitu chochote nilichokiona. Kwa nini hamuitaji kamwe kwenye gazeti lenu? — Msomaji, Kitale

Kwa sababu tumeona malisho yaliyomezwa nayo. Lantana camara ililetwa kutoka Amerika kama ua la bustani, ndege wakala matunda yake, na leo inasonga mimea ya asili kuanzia pwani hadi bara. Ng'ombe akiila huharibika ini, na ngozi yake huchubuka juani. Ukiwa Kitale penye mifugo, ing'oe na mizizi yake kabla haijaiva. Mahali pake weka Pentas, na Lippia javanica ya kwetu, yenye majani ya harufu kali na maua madogo ya rangi ya malai. Vipepeo hawatakususa.

Ncha za vichaka vyangu zimejaa vidukari. Muuzaji wa duka la pembejeo amenipa dawa, anasema haina shida kwa nyuki. Nipige? — Msomaji, Iringa

Soma kibandiko, usisome uso wa muuzaji. Ukikuta imidacloprid, thiamethoxam, cypermethrin, lambda-cyhalothrin au dimethoate, ni sumu kwa nyuki, liwe jina la biashara lolote lile. Mbili za kwanza zina ubaya wa ziada: mmea huzinyonya na kuzipeleka hadi kwenye mbochi na chavua, kwa hiyo hata ukipiga usiku nyuki atazinywa baadaye. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake nje ya vibanda vya kuoteshea mimea mwaka 2018 kwa sababu hiyo. Uliza pia kitaluni kabla ya kununua miche, maana mche unaweza kuja nyumbani na sumu tayari ndani yake.

Vidukari hukaa kwenye ncha laini, na ncha laini nyingi ni dalili ya samadi iliyozidi. Piga maji kwa nguvu ya mpira asubuhi, siku tatu mfululizo, na wengi waliodondoka hawatapanda tena. Wakibaki, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jaribu kwenye tawi moja na usubiri siku moja uone kama majani yataungua. Kisha pulizia jioni nyuki wakishalala, chini ya majani na kwenye ncha, si kwenye maua. Kabla ya yote hayo, hata hivyo, tazama kwa karibu. Ukiona viwavi vidogo visivyo na miguu, rangi ya kijani au kahawia, vikitambaa katikati ya vidukari, ni watoto wa nzi wa maua nao wanawala vidukari. Usiguse chochote kwa wiki moja.

Mume wangu hataki vichaka vya maua kwa sababu tuna watoto na anaogopa nyuki. — Mama wa wawili, Mbeya

Mama, hofu yake si ya bure, nyuki wetu ni wakali wanapolinda mzinga. Lakini nyuki aliye kwenye ua halindi kitu, na akisumbuliwa huruka tu. Panda mita 3 hadi 4 kutoka mlangoni na njia ya kupita, watoto wavae viatu kwenye nyasi, na pogoa jioni. Ukiona nyuki wengi wanaingia na kutoka kwenye tundu moja la ukuta au dari, hao wameweka makazi: usiwarushie moshi wala maji, mwite mfuga nyuki. Kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kuvimba uso au kukosa pumzi baada ya kuumwa, muonane na daktari kwanza, na vichaka vingoje.

Weka pia sahani pana ya maji yenye mawe yanayotokeza juu, nyuki wapate pa kutua. Maji yabadilishwe kila baada ya siku moja, mbu wasipate nafasi.

Tulihamia Columbus, Ohio, na tumerithi haidranjea kubwa uani. Naipogoa kila Machi kama nilivyoelekezwa, sioni ua. Jirani ana haidranjea imejaa maua meupe lakini nyuki hawaigusi. Nifanye nini kabla ya majira ya joto? — Msomaji, Marekani

Haya ni matatizo mawili. Yako inaelekea ni Hydrangea macrophylla, ambayo hufunga vichipukizi vya maua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukikata Machi unakata maua yote ya mwaka huo. Acha mkasi kabisa, ondoa matawi yaliyokufa tu, na kama lazima upunguze, fanya hivyo mara maua yakishanyauka katikati ya majira ya joto. Wakati wa baridi zungushia majani makavu, kwa sababu barafu nayo huua vichipukizi hivyo.

Ya jirani huenda ina maua tasa: yale mapana meupe ni mapambo, hayana chavua wala mbochi ya kutosha. Katika haidranjea, tafuta shada bapa lenye vijiua vidogo vya duara katikati, hivyo ndivyo vyenye chakula. Kanuni hii hutumika hata huku nyumbani. Haibiskasi yenye petali za tabaka nyingi imegeuza stameni zake kuwa petali, kwa hiyo nunua ile ya tabaka moja.

Kwa nafasi iliyobaki, panda Cephalanthus occidentalis, kichaka cha asili ya huko, chenye maua meupe ya mviringo kama mpira uliochomwa pini, kuanzia Juni hadi Agosti. Kinapenda mahali penye maji, hata pale bomba la paa linapomwagia. Kwenye kivuli nusu weka Clethra alnifolia, inayochanua Julai na Agosti kwa harufu tamu, mradi udongo uwe na tindikali kidogo. Hizi mbili huchanua kwenye matawi mapya, hivyo mkasi wako wa Machi utapata kazi. Vitaluni watakuonyesha pia Buddleja davidii kwa ajili ya vipepeo. Hiyo ni ya China, na katika majimbo ya Oregon na Washington imewekwa kwenye orodha ya magugu. Ukiipanda, kata kila shada likinyauka, kabla mbegu hazijapeperuka.